Gari likisitasita, shika kalamu kabla ya spana

Na MWANDISHI WETU

UNAPANDA mlima polepole nyuma ya lori lililosheheni saruji. Barabara mbele iko wazi. Unawasha taa ya kulia na kukanyaga mafuta ili ulipite, na papo hapo injini inasita. Gari linajikokota kwa sekunde mbili tatu kama mtu aliyepaliwa na chakula, kisha linapata nguvu na kwenda kana kwamba hapakutokea jambo lolote.

Wenye magari wengi hapa nchini wanaujua ugonjwa huu. Mafundi wa Grogan jijini Nairobi husema injini "inamisi". Wengine husema gari "linakatakata". Jina si hoja. Hoja ni kwamba ugonjwa wenyewe huja na kuondoka. Leo upo, kesho haupo, na wiki ijayo utaupata tena ukiwa na watoto ndani ya gari mkielekea mashambani.

Linalochosha zaidi ni kwamba ukilifikisha gari kwa fundi, injini hunguruma bila dosari. Ni kama mtoto aliyekesha na homa usiku kucha, lakini akifika tu katika mlango wa hospitali anaanza kucheza. Fundi anafungua boneti, anasikiliza, anatikisa kichwa, kisha anapendekeza ununue plagi mpya. Unanunua. Siku tatu baadaye gari linasita tena.

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu haiuzwi katika duka lolote la spea. Ni kalamu na daftari dogo ndani ya gari. Familia inayojua kuandika ni lini, ni wapi na ni katika hali gani gari linasita, itakuwa imefanya nusu ya kazi ya fundi kabla ya spana kuguswa.

Hatari na hasara

Kuna watu wanaodhani kwamba kusitasita ni usumbufu mdogo tu. La, hasha. Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Ukiwa unalipita gari jingine na injini ikakosa nguvu kwa sekunde mbili, utakuwa umekwenda mita 44 ukiwa katika upande usio wako. Iwapo basi linakuja mbele yako kwa kasi hiyo hiyo, nafasi iliyokuwa baina yenu imepungua kwa karibu mita 90. Hesabu hiyo inatosha kumnyima usingizi baba au mama yeyote.

Hasara ya pesa nayo si haba. Aghalabu mwenye gari hubadilisha plagi, kisha waya za plagi, kisha pampu ya petroli, kisha koili, kwa kubahatisha. Mwishowe inagunduliwa kuwa tatizo lilikuwa mpira mdogo wa hewa uliopasuka, au waya wa betri uliolegea. Spea zote alizonunua hazirudishwi dukani, na pesa zilizotumika huenda zilikuwa karo ya shule.

Injini inataka nini?

Ili kuelewa ugonjwa, ni lazima kwanza uelewe mwili. Injini ya petroli inahitaji mambo matatu: hewa, petroli na cheche ya moto. Yote matatu sharti yafike kwa kipimo kinachofaa na kwa wakati wake. Kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue vyema. Hewa ikizidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inakosa nguvu. Petroli ikizidi, injini inasongwa na kutoa moshi mweusi.

Injini nyingi za magari yetu ya kawaida zina silinda nne. Injini ya aina hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, plagi zake kwa jumla hutoa cheche mia moja kila sekunde. Cheche chache tu zikikosekana, utahisi gari limeshtuka. Kwa hivyo anayetafuta chanzo cha kusitasita anajiuliza swali moja: wakati gari liliposita, ni kipi kilichokosekana? Ni hewa, ni petroli, au ni cheche?

Gari likiwa limepona, swali hilo halina jibu. Jibu limo katika hali iliyokuwapo wakati wa ugonjwa, na hapo ndipo daftari linapohitajika.

Mambo ya kuandika

Anayeandika si dereva. Dereva macho yake ni barabarani. Mpe kazi hiyo mwenzako aliyeketi kando yako, au mwanafunzi aliye katika kiti cha nyuma. Kama uko peke yako, ngoja usimame mahali salama ndipo uandike. Kila mara gari linaposita, andika yafuatayo:

Kwanza, injini ilikuwa baridi au moto? Gari lilikuwa limetembea kwa dakika ngapi tangu liwashwe?

Pili, mlikuwa mkifanya nini? Mlikuwa mkianza kuondoka, mkipanda mlima, mkienda kwa mwendo wa sawa, au mmesimama kwenye msongamano?

Tatu, hali ya hewa ilikuwaje? Je, kulikuwa na mvua, ukungu au jua kali?

Nne, petroli ndani ya tangi ilikuwa kiasi gani, na mara ya mwisho mlijaza lini na katika kituo gani?

Tano, gari lilikuwa limepita kwenye shimo au tuta muda mfupi kabla ya kusita?

Sita, je, kuna taa iliyowaka kwenye dashibodi? Mshale wa mizunguko ya injini ulifanya nini? Ulishuka taratibu, au ulianguka ghafla?

Saba, lilisita kwa muda gani, na lilipona vipi? Lilipona lenyewe, au hadi lilipozimwa na kupoa?

Baada ya siku kumi au wiki mbili, soma daftari lote kwa pamoja. Mara nyingi utaona jambo moja linalojirudia.

Daftari linavyozungumza

Ikiwa gari linasita asubuhi zenye mvua au ukungu tu, kisha linapona injini ikipata joto, shuku njia ya cheche. Waya za plagi zilizochakaa na koili zenye nyufa huvujisha umeme kukiwa na unyevu. Fundi anaweza kuthibitisha hayo kwa kufungua boneti gizani injini ikiwa inanguruma na kunyunyiza maji kidogo kama umande. Cheche za samawati zikionekana zikirukaruka kwenye waya, mhalifu amepatikana. Usijaribu kuzigusa, kwani umeme wa plagi hufika volti 20,000 na zaidi.

Ikiwa gari linasita unapopanda mlima, unapobeba mzigo au unapokimbiza, lakini linakwenda vizuri mjini, shuku petroli. Chujio lililoziba, au pampu iliyochoka, hupitisha petroli ya kutosha gari likienda polepole. Injini ikidai zaidi, petroli haitoshi. Hapa hakuna haja ya kubahatisha. Fundi mwenye geji ya kupima msukumo wa petroli anaweza kuifunga na kuiangalia huku injini ikifanya kazi.

Ikiwa gari linakufa baada ya mwendo mrefu, kisha linawaka tena likisimama kwa muda mfupi, kuna jambo jepesi la kuchunguza kwanza: kifuniko cha tangi. Petroli inapotoka, sharti hewa iingie mahali pake. Kitundu cha hewa kikiziba, tangi linajivuta ndani na pampu inashindwa. Gari likisita tena, simama mahali salama, fungua kifuniko na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu na gari likapona papo hapo, umeokoa bei ya pampu.

Ikiwa ugonjwa huja tu injini ikishika moto, hasa kwenye msongamano wa magari, na huondoka ikipoa, shuku koili au sensa ya kupima mzunguko wa injini. Ndani ya vifaa hivi mna nyuzi nyembamba. Zikipata ufa, joto huzitanua na mkondo wa umeme hukatika. Zikipoa, hugusana tena. Ndiyo sababu fundi akikipima kifaa hicho asubuhi kikiwa baridi, atakuambia ni kizima.

Ikiwa gari linasita unapoanza kuondoka, kisha linakwenda barabara, chunguza mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Katika magari ya sindano za petroli, mlango huo hukusanya masizi, na sensa inayopima ufunguko wake huchakaa. Mipira ya hewa iliyopasuka nayo huingiza hewa isiyohesabiwa. Katika magari ya zamani yenye kabureta, shuku ile pampu ndogo inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga.

Ikiwa kusitasita hufuata mashimo na matuta, angalia waya. Vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu, na waya wa athi uliochakaa, husababisha visa vya ajabu. Fundi anaweza kuutikisa waya mmoja baada ya mwingine injini ikinguruma, ili aone ni upi unaoishtua. Betri nzima iliyojaa hupima takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwashwa kipimo hupanda hadi karibu volti 14. Kisipopanda, alteneta haichaji ipasavyo.

Kuna pia ugonjwa unaojifanya kuwa huu. Ukikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele na mshale wa mizunguko ukapanda lakini gari lisiongeze mwendo, injini haina kosa. Klachi inateleza, au giaboksi ina kasoro. Ukimwambia fundi "gari halina nguvu" bila kumweleza tofauti hiyo, utamtuma kutafuta mahali pasipo na kitu.

Petroli yenyewe je?

Daftari likionyesha kwamba ugonjwa ulianza muda mfupi baada ya kujaza petroli, usiipuuze habari hiyo. Maji yanaweza kuingia katika tangi la kituo au katika tangi lako. Isitoshe, uchanganyaji wa mafuta taa ni uovu wa miaka mingi hapa Kenya. Kwa kuwa mafuta taa yalikuwa ya bei nafuu, wafanyabiashara walaghai waliyatia ndani ya petroli na dizeli. Mnamo 2018, serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa kishawishi hicho.

Fundi akitoa petroli kidogo na kuiweka kwenye chupa safi ya kioo, acha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yataonekana chini. Tone la petroli likiwekwa juu ya karatasi nyeupe hukauka haraka. Likibaki doa la mafuta muda mrefu, kuna sababu ya kushuku. Hicho si kipimo cha maabara, lakini hukupa mwanzo. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na sigara, jiko au moto wa aina yoyote, na mtu yeyote asivute petroli kwa mdomo.

Hifadhi risiti za petroli ndani ya daftari hilo hilo. Ukiwa na malalamiko kuhusu ubora wa mafuta, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ndiyo yenye jukumu la kusimamia biashara hiyo. Mlalamishi mwenye tarehe na risiti husikizwa kuliko mwenye hasira pekee.

Taa ya injini na mashine ya kupima

Magari yaliyotengenezwa miaka ya karibuni yana kompyuta inayochunguza injini kila wakati. Marekani iliyalazimisha magari madogo ya mwaka wa 1996 na kuendelea yawe na mfumo wa kujipima uitwao OBD-II. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mnamo 2001. Kompyuta ikigundua kasoro, huwasha taa ya rangi ya manjano yenye picha ya injini na kuhifadhi namba ya siri. Fundi mwenye mashine huisoma namba hiyo.

Mathalan, P0300 ina maana kwamba cheche au uunguaji unakosekana katika silinda mbalimbali. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kadhalika. P0171 ina maana kwamba mchanganyiko ni mwepesi: hewa imezidi au petroli imepungua.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba hiyo si orodha ya spea za kununua. Inakuambia tu kompyuta inalalamika kuhusu nini. P0171 inaweza kusababishwa na mpira wa hewa uliopasuka, chujio la petroli lililoziba, pampu dhaifu, au sensa ya hewa iliyochafuka. Fundi anayesoma namba na kukutuma dukani mara moja bado anabahatisha, ila sasa anabahatisha kwa mashine.

Kwa magari yenye koili moja kwa kila silinda kuna jaribio lisilogharimu chochote. Tuseme mashine inasema P0302. Injini ikiwa imezimwa, fundi anaitoa koili ya silinda ya pili na kuibadilisha na ya silinda ya tatu, anafuta namba, kisha gari linaendeshwa. Namba mpya ikiwa P0303, ugonjwa umehama pamoja na koili, na koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, koili ni nzima na fundi aendelee kuchunguza plagi au sindano ya petroli ya silinda hiyo.

Jambo jingine muhimu ni kwamba kompyuta huweka picha ya hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mizunguko ya injini, joto, na mwendo wa gari. Hilo ni kama daftari la pili. Kwa bahati mbaya, baadhi ya mafundi hung'oa waya wa betri ili taa izime, na kumbukumbu yote hupotea. Mwombe fundi asome na kuandika kila kitu kabla ya kufuta chochote.

Ikiwa taa hiyo inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usilikimbize gari. Petroli isiyoungua inaingia katika ekzosi na inaweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali mno.

Magari mengi yaliyoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, hasa ya miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, yalijengwa kwa soko la huko na hayasomeki kwa kila mashine ndogo inayouzwa mitaani. Mashine ikikataa kusoma, hiyo haina maana kuwa gari ni zima.

Mfano wa familia moja

Hebu tuchukulie familia inayoishi Buruburu yenye gari dogo la Toyota lililotumika. Gari linazimika ovyo kwa miezi miwili. Fundi wa kwanza ameshabadilisha plagi na chujio. Sasa anataka kubadilisha pampu ya petroli, na shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Pesa ni zile zile.

Binti wa familia hiyo, aliye shule ya sekondari, anapewa kazi ya kuandika. Daftari lake linasomeka hivi:

"Jumatatu asubuhi, baridi, mvua. Halikusita. Jumatatu jioni, Jogoo Road, msongamano, dakika 40 tangu kuwashwa. Lilizimika. Mshale wa mizunguko ulianguka hadi sufuri gari likiwa bado linasonga. Liliwaka baada ya dakika 20. Jumatano asubuhi, halikusita. Alhamisi jioni, msongamano, dakika 45. Kama Jumatatu. Jumamosi, safari ya Thika, mwendo wa kasi, tangi nusu. Halikusita wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi, baada ya kusimama kwa muda mrefu katika foleni, lilizimika."

Sasa soma kama fundi. Si mvua, kwa sababu siku ya mvua lilikwenda vizuri. Huenda si pampu, kwa sababu lilikimbia hadi Thika bila kukosa petroli. Ni joto la msongamano. Na mshale kuanguka ghafla gari likisonga ni dalili kwamba kompyuta imeacha kupata habari za mzunguko wa injini, kwani katika magari mengi mshale huo hutegemea sensa hiyo hiyo. Fundi anaipima sensa ikiwa baridi, kisha ikiwa moto. Kama kipimo cha pili kinakatika, ameshapata. Kama hakikatiki, anafuata waya wake, kisha koili. Anakwenda hatua kwa hatua, na pampu inabaki mahali pake.

Mlima si ugonjwa

Msomaji atofautishe pia kusitasita na uchovu wa kawaida. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Limuru iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hivyo injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya nguvu zake, na gari la kabureta lililorekebishwa pwani hutumia petroli kupita kiasi likifika bara. Kompyuta za magari mapya hupunguza petroli zenyewe. Udhaifu ulio sawa wakati wote mlimani ni wa hewa. Udhaifu unaokuja na kuondoka ni ugonjwa.

Ukifika kwa fundi

Mafundi wetu wa jua kali wengi wana ujuzi mkubwa. Wanachokosa mara nyingi ni habari. Mteja anayesema "gari linasumbua, angalia" humlazimisha fundi kuagua kama mganga. Mpe daftari asome. Kisha fuata kanuni hizi:

Mwombe fundi aendeshe gari pamoja nawe katika hali iliyoandikwa. Kama linasita likiwa moto, usimpelekee likiwa baridi.

Aanze na visivyogharimu: vichwa vya betri, mipira ya hewa, chujio la hewa, kifuniko cha tangi, waya zilizolegea.

Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Vikibadilishwa vitatu kwa pamoja na gari likapona, hutajua kilichoponya, na gari likirudi kuugua mtaanza upya.

Kabla ya kununua spea ya bei kubwa, uliza swali moja: "Fundi, umeipima vipi?" Fundi mzuri hatakasirika. Atakuonyesha.

Dai urudishiwe spea ya zamani, na uandike tarehe iliyobadilishwa.

Hadi ugonjwa utakapopatikana, endesha kama mtu anayejua ana mgonjwa ndani ya gari. Usilipite gari jingine katika barabara yenye njia mbili. Acha nafasi kubwa mbele yako. Likisita, washa taa za dharura, sogea kushoto nje ya barabara ukitumia mwendo uliobaki, weka pembetatu za tahadhari, na uwatoe watoto kwa mlango ulio mbali na magari. Likizimika kabisa, kumbuka kwamba usukani utakuwa mzito na breki zitahitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi. Usizime swichi kabisa gari likisonga, kwani usukani unaweza kujifunga.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini mwenye gari naye ana mali. Nunua daftari leo, lifunge kalamu kwa uzi, liweke kwenye sanduku la dashibodi, na uamue nyumbani ni nani atakayeandika.